Levo yako ya kwanza: tuijenge ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu

Anayetaka kutengeneza gemu kwa mara ya kwanza hukimbilia kompyuta. Nakuomba uanze levo yako, yaani sehemu moja ya gemu anayoipitia mchezaji, kwa daftari la hesabu, lile la vijisanduku, na penseli. Kabla ya picha nzuri na muziki, ujue kwanza mchezaji anaingilia wapi, anaona nini, na kitu gani kinamvuta asogee.

Tutatumia gemu fupi kama mfano: mjukuu amefika Lamu usiku, umeme umekatika, naye anatafuta barua aliyoacha marehemu bibi yake katika nyumba ya zamani.

Hatua ya 1: Chora nyumba

Nyumba ya mawe ya Lamu ni mwalimu mzuri wa kazi hii. Kutoka mtaani unakuta daka, ukumbi mdogo wa nje ya mlango, na baraza zake. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi wa ndani ya mlango, na hapo njia inapinda, ili mpita njia asione ndani. Ndipo unatokea kiwandani, uwanja ulio wazi juu, halafu msana, chumba kirefu chembamba, halafu ndani kabisa, kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kupangia vyombo. Kila unapovuka kizingiti unaingia mahali pa siri zaidi. Levo nzuri hukaa hivyo hivyo.

Chora kila chumba, kisha pembeni andika mambo matatu: mchezaji anaona nini, anaweza kufanya nini, na atakapotoka atakuwa amejua nini. Chumba kisicho na jibu la tatu kifute.

Hatua ya 2: Acha mahali pafundishe

Tazama levo ya kwanza ya Super Mario Bros., gemu ya Nintendo ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Shigeru Miyamoto. Mario, mhusika unayemwongoza, anasimama upande wa kushoto na nafasi yote iko kulia, kwa hiyo unakwenda kulia bila kuambiwa. Mbele zaidi kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati yake ardhi. Ukikosea kuruka, unatua salama. Mbele kidogo zinakuja ngazi kama zile, ila safari hii katikati pana shimo. Umeshafanya mazoezi bila kujua.

Sisi tutafanya hivyo kwa taa. Weka chemli juu ya baraza, mchezaji aichukue. Tekani weka kishubaka kimoja chenye kikombe cha shaba: mwanga ukikigusa, kinang'aa. Basi, amejifunza. Atakapofika mbele ya zidaka nyingi na kimoja kikang'aa, hatahitaji maandishi.

Hatua ya 3: Andika hadithi inayokumbuka

Tumia Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika vipande vya hadithi na kuviunganisha kwa mabano mawili, hivi: [[Fungua kasha]]. Ukimaliza unapata faili linalofunguka kwenye kivinjari, hata cha simu.

Hapa ndipo wengi wanapozama. Ukiweka chaguo mbili kila mara na usiunganishe matawi, baada ya mara 10 una miisho 1,024 ya kuandika. Rudisha matawi kwenye shina, lakini hadithi ikumbuke. Tuseme jirani, Bi Zuhura, anabisha hodi. Ukimfungulia anakupa mafuta ya taa. Ukinyamaza anaondoka, nawe unaendelea na chumba kile kile. Weka kigeu, tukiite $hodi, kihifadhi ulichofanya. Asubuhi mnakutana mlangoni. Kama ulimfungulia, atakuuliza umelalaje. Kama ulinyamaza, atakuambia: "Usiku nilibisha hodi, mjukuu wangu. Taa yako niliiona."

Sentensi mbili tu, na mchezaji anajua kwamba alichokifanya kilikuwa na uzito. Mimi huzitafuta sentensi za namna hiyo kuliko kitu chochote kingine.

Hatua ya 4: Masanduku ya kijivu

Hamishia ramani kwenye Godot, programu ya kutengenezea gemu, nayo ni ya bure. Kuta ziwe masanduku ya kijivu, bila mapambo. Tembea. Ukichoka kati ya kiwanda na msana, fupisha.

Hatua ya 5: Mpe mtu, nawe ukae kimya

Binti wa dada yangu, mwenye miaka 11, alikuwa wa kwanza kucheza gemu yangu ya namna hii. Alipita karibu na barua mara tatu. Ulimi uliniwasha kumwelekeza, lakini nikashika kalamu nikaandika anapogeukia. Ndipo nikaona: barua ilikuwa kwenye ukuta wa mlango aliouingilia, nyuma ya mgongo wake. Hakuwa na sababu ya kugeuka.

Nikaihamishia ukuta unaomkabili anayeingia. Kesho yake rafiki yake alikaa kwenye kiti kile kile, akavuka kizingiti, akasimama, akasema, "Ile pale inang'aa."