Kuvua Besi Kwenye Magugu ya Ziwa Naivasha

Besi, samaki wa kinywa kipana aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, ni mwindaji wa kuvizia, naye hupenda kukaa kivulini akisubiri windo lipite mbele yake. Kivuli hicho ziwani hutokana na mafunjo yaliyosimama ukingoni na magugu maji yanayoelea. Shida ni kwamba magugu maji hayajashika ardhi, na hata mafunjo hukatika vipande vikubwa na kuwa visiwa vinavyotembea, hivyo mahali palipotoa samaki jana jioni huenda leo pakawa maji matupu. Mvuvi asiyeutazama upepo kabla ya kushusha boti atapoteza asubuhi nzima akitupa mshipi mahali pa kukumbuka tu.

Kwa kawaida ziwa hutulia asubuhi na upepo huanza kuvuma mchana, kwa hiyo ukiwa bado ufuoni Kamere au Karagita, angalia magugu yamerundikana upande gani. Usikimbilie katikati ya rundo. Mkeka mnene wa magugu uliokaa siku nyingi huoza kwa chini na maji yake hupungukiwa na oksijeni, hasa alfajiri, kwa kuwa mimea huvuta oksijeni usiku kucha bila kuitengeneza. Besi atakuwa ukingoni, kwenye pembe na mianya, na kwa maoni yangu hakuna mahali bora kuliko pale mkeka unaoelea unapogusa mafunjo yaliyosimama, kwa sababu samaki wadogo wanaofuata ukingo mmoja hulazimika kukata kona hapo.

Kisha pima uangavu wa maji, kwa kuwa besi hutegemea sana macho anapowinda. Mito ya Malewa na Gilgil huleta tope upande wa kaskazini wakati wa masika, na karpi, samaki wa kigeni ambao wamezagaa tangu miaka ya 2000, hutifua matope wanapotafuta chakula chini. Teremsha chambo kando ya boti ukikitazama; kikipotea kabla ya kufika kina cha mkono hadi kiwiko, hama utafute maji yaliyochujwa na mafunjo. Ikiwa huna pa kuhamia, tumia chambo cheusi, kikubwa, kinachotikisa maji, nawe ukivute polepole.

Kwa vifaa, chagua fimbo ngumu na mshipi wa kusukwa wenye nguvu, kwani samaki wa kilo moja aliyejifunga kwenye magugu huvutika kama mzigo wa kilo tano. Chambo cha mpira chenye rangi ya wekundu uliofifia hufaa sana, kwa sababu kinafanana na wale kamba wekundu wa maji baridi walioingizwa ziwani mwaka 1970, ambao besi huwala kwa pupa. Pitisha ndoano kichwani mwa chambo, igeuze, kisha irudishe ncha ndani ya mpira ili isinase majani. Weka chubwi ndogo, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, mbele, uiangushe ukingoni kabisa mwa mkeka, uuache mshipi ulegee. Mara nyingi besi huchukua chambo kikiwa bado kinashuka, na utakachoona ni mshipi kusogea kando kidogo au kusimama kabla ya wakati wake. Hapo kaza mshipi, inua fimbo kwa nguvu, umlete samaki juu ya maji upesi kabla hajageuza kichwa. Akiwahi kuzama kwenye mizizi, usivute kwa mishtuko. Shikilia mshipi ukiwa umekazwa, usogeze boti hadi juu yake, kisha uyatoe magugu kwa mkono.

Kina cha ziwa nacho hubadilika sana. Lilipofurika mwaka 2020 lilimeza mashamba na migunga ya ukingoni. Maji yanapopanda, besi huingia kwenye nyasi zilizofunikwa na miti iliyozama. Yanapoanza kushuka, hurudi upesi kwenye ukingo wa nje wenye kina, nawe umfuate huko.

Kuna vijia vya maji vilivyopasua mafunjo ambavyo vitakuvutia, na kwa kweli besi hukaa midomoni mwake. Vijia hivyo ni vya viboko, wanaovitumia kwenda malishoni jioni na kurudi alfajiri. Tupa chambo ukiwa mbali na usiingize boti humo kamwe, hata kama hujaona kitu. Mapovu yanayopanda kwa mstari, au magugu yanayosogea kinyume cha upepo, ni sababu tosha ya kuondoka.

Vaa jaketi la kuokolea maisha, hakikisha una leseni ya uvuvi, na upange kurudi kabla upepo wa mchana haujashika kasi, maana mkeka unaweza kuufunga ufuo ulioondokea ukiwa bado ziwani. Kwa hiyo jua mapema ufuo wa pili wa kutokea, na ubebe pondo. Magugu yakijisokota kwenye panga la injini, izime na uinyanyue kabla ya kuyakata, huku mwenzako akisukuma boti kwa pondo isipeperushwe ndani zaidi.