Mtu ameanguka gengeni Kigoma: namna ya kuifikisha helikopta hadi alipo

Naandika baada ya kumwelekeza kwa simu kijana mmoja wa Uvinza ambaye mwenzake aliteleza na kuvunjika paja kwenye miamba. Kilichotuchelewesha hakikuwa ubaya wa jeraha wala ukosefu wa kamba. Tulichelewa kujua walipo hasa.

Hatua ya 1: Majeruhi kwanza

Zuia damu, tuliza shingo, mfunike asipate baridi. Anayening'inia kwenye mkanda wa kupandia miamba bila kujitambua ashushwe mara moja, maana kule kuning'inia kwenyewe kunaweza kumuua.

Hatua ya 2: Je, ni helikopta kweli?

Gombe ni kama kilomita 16 tu kaskazini mwa mji wa Kigoma, kwa hiyo aliyefikishwa ufukweni huko namtaka apande boti. Mahale hakuna barabara, lakini kuna boti na kiwanja cha ndege ndogo. Helikopta mwitie aliye juu, kwa mfano kwenye mabega ya mlima Nkungwe huko Mahale (mita 2,462), ambako machela ni kazi ya saa nyingi. Piga 112, na kama mko hifadhini pigia pia askari wa hifadhi. Namba ya bima iwe mkononi. Utaulizwa nani analipa.

Hatua ya 3: Toa majiranukta sahihi (namba za latitudo na longitudo za mahali ulipo)

Soma hapa polepole. Helikopta ikitokea Arusha, hadi Kigoma ni karibu kilomita 800 angani, na helikopta nyingi ndogo zitahitaji kujaza mafuta njiani. Rubani akifika hana mafuta ya kuzungukazunguka akiwatafuta.

GPS ya simu hufanya kazi hata bila mtandao. Sogea pa wazi, kwa sababu ukisimama chini ya genge mwamba huziba setilaiti na namba hupotoka. Tuma namba zenyewe kwa SMS. Pini ya ramani siipendi kabisa: bila intaneti haifunguki, na huwezi kuisoma kwenye redio ya upepo.

Kigoma mjini ni takriban nyuzi 4.88 kusini, 29.63 mashariki. Simu nyingi huandika -4.88. Kile kialama cha kutoa kikidondoka, umempeleka rubani ng'ambo ya ikweta, maeneo ya Maridi, Sudan Kusini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ulipo. Andika neno KUSINI kwa herufi kubwa.

Halafu kuna dakika, yaani sehemu ya sitini ya nyuzi moja. Nyuzi 4.88 ni sawa na nyuzi 4 na dakika 52.8. Wewe ukitamka "nne, hamsini na mbili nukta nane" na mwenzako akaandika 4.528, mmeachana karibu kilomita 40. Kubalianeni mapema: desimali tu, tarakimu nne baada ya nukta. Ile ya nne ni kama mita 11, inatosha.

Usisome majiranukta kwenye ramani ya karatasi. Zile za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, GPS inatumia mfumo mwingine, WGS 84, na kwetu huku tofauti ni karibu mita 300. Milimani hilo ni bonde jingine. UTM, yaani mfumo unaoigawa dunia kwa zoni zenye namba, nayo iache: mstari wa nyuzi 30 mashariki, mpaka wa zoni mbili, unaupasua mkoa wetu, Kigoma mjini ni zoni 35 na Kasulu ni zoni 36.

Mwisho, mpokeaji akusomee namba zote upya. Usikate simu kabla hajafanya hivyo.

Hatua ya 4: Kiwanja cha kutua

Mita 30 kwa 30, tambarare, bila visiki vilivyojificha nyasini. Ondoa turubai, kofia na kanga. Kiangazi usiwashe moto wa moshi, upepo wa pangaboi utausambaza porini. Mmoja asimame ukingoni, mgongo kwa upepo, mikono miwili juu kama Y, yaani tunahitaji msaada. Wanakijiji watakuja wengi. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji awashike watoto mbali.

Hatua ya 5: Ikishafika

Msisogee mpaka rubani aashirie. Nendeni kwa mbele anakowaona, mmeinama, kamwe si mkiani wala kutokea upande wa mlima ulioinuka, maana huko pangaboi liko karibu na vichwa. Ikishusha kamba ya winchi (mashine ya kuvutia mtu juu), ndoano iguse ardhi kwanza ndipo uishike, kwa sababu inabeba umeme tuli. Usiifunge kwenye mti wala jiwe.