Kupiga Hesabu ya Dawa ya Ganzi Kabla ya Kuchoma, na Kuitambua Sumu Yake Mapema

Dawa za ganzi ya sehemu, kama lidokaini na bupivakaini, huzuia sodiamu kuingia ndani ya neva, na neva iliyozuiwa hivyo haipeleki taarifa ya maumivu. Dawa hiyo ikiingia kwa wingi katika damu, huuzuia ubongo na moyo kwa namna ile ile, na hapo ndipo sumu inapoanza. Kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya dawa kuvutwa kwenye bomba la sindano.

Mpime mgonjwa uzito, usikisie. Kikomo cha lidokaini tupu ni miligramu 4.5 kwa kila kilo, bila kuzidi 300. Ikiwa na adrenalini, ambayo hubana mishipa na kuchelewesha ufyonzwaji, ni miligramu 7 kwa kilo, bila kuzidi 500. Bupivakaini ni kali zaidi kwa moyo, na ni salama kutovuka miligramu 2 kwa kilo. Kisha zidisha asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa 10, upate miligramu zilizomo katika kila mililita.

Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye jeraha la kushonwa kichwani. Kikomo chake cha lidokaini tupu ni miligramu 54 (12 × 4.5). Lidokaini ya 2% ina miligramu 20 kwa mililita, kwa hiyo mtoto huyu hastahili kupewa zaidi ya mililita 2.7, kiasi ambacho mkono uliozoea watu wazima hukimaliza bila kuhisi. Ile ya 1% ingekupa mililita 5.4 kwa dozi hiyo hiyo, na kwa jeraha pana mimi ningeichagua hiyo. Ukichanganya dawa mbili za ganzi, sumu zake hujumlishwa. Kila moja haina kikomo chake peke yake.

Unapochoma, vuta kwanza bomba nyuma uone kama damu inaingia, kisha toa dawa kidogo kidogo huku ukizungumza na mgonjwa. Kwenye jipu tishu huwa na asidi na dawa hufanya kazi kwa shida. Kuongeza dozi juu ya dozi hapo ni hatari, afadhali uzuie neva mbali na usaha.

Mgonjwa akisema midomo inakufa ganzi, anahisi ladha ya chuma mdomoni, au masikio yanavuma, acha kuchoma papo hapo. Degedege linaweza kufuata, kisha mapigo ya moyo kuvurugika. Kwa bupivakaini, moyo unaweza kuathirika bila dalili hizo za mwanzo. Ita msaada, mpe oksijeni na umsaidie kupumua vizuri, kwa kuwa asidi na hewa chafu (kabonidioksidi) iliyolimbikana katika damu huzidisha sumu. Degedege litulizwe kwa midazolamu au diazepamu. Mafuta ya mshipani ya 20%, yaani mchanganyiko maalumu wa mafuta unaotiwa kwenye mshipa wa damu, yaanze mapema: mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika 2 hadi 3, kisha mililita 0.25 kwa kilo kila dakika. Propofoli, dawa ya usingizi iliyochanganywa na mafuta, haichukui nafasi yake. Moyo ukisimama, endelea kukandamiza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida, na dozi za adrenalini ziwe ndogo, zisizozidi mikrogramu 1 kwa kilo.

Aliyepata degedege tu aangaliwe kwa saa 2 au zaidi baada ya kutulia. Ambaye moyo wake uliguswa, kwa saa 4 hadi 6.