Mgonjwa anatetemeka: kabla ya kumtuma skana

Hapa Lubumbashi, familia ikileta mzee anayetetemeka mkono, neno la kwanza ni "Dokta, tumpeleke skana." Pesa wameshachanga. Mimi huwaketisha kwanza. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, haionekani kwenye skana (picha ya CT), na hata IRM (picha ya sumaku) ya kawaida mara nyingi hutoka safi. Ugonjwa huo tunautambua kwa macho na mikono yetu. Picha tunaiomba kutafuta kitu kingine.

Hatua ya 1: Uliza dawa. "Papa, unakunywaka dawa gani?" Haloperidoli ya wagonjwa wa akili, au metoklopramidi ile ya kuzuia kutapika, huleta kutetemeka na kukakamaa kama Parkinson yenyewe. Ukikuta mojawapo, ongea na aliyeiandika. Pengine pesa za skana zitabaki mfukoni.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ya picha. Dalili zilizoanza ghafla, kuanguka mapema, mgonjwa kijana, mwenye VVU (kimelea cha toksoplasma hupenda kukaa ndani ya ubongo): hao watume wakapigwe picha. Mkono na mguu wa upande mmoja vikijirusha vyenyewe, toboa kidole upime sukari kabla ya yote. Sukari iliyopanda sana huweza kuleta hilo peke yake, na skana huonyesha weupe kwenye putameni (kiini cha ndani ya ubongo) ya upande wa pili. Weupe huo ni rahisi kuusoma kama damu.

Hatua ya 3: Chagua mashine. Skana huchukua sekunde chache na huonyesha damu iliyojikusanya chini ya utando, maji yaliyozidi ubongoni, na chokaa. IRM huona zaidi, lakini mgonjwa alale kimya kwa nusu saa hivi, na anayetetemeka huivuruga picha. Kama anakunywa levodopa, dawa ya Parkinson, panga saa ambayo dawa imeshika. Fundi wa kuchomelea au kusaga vyuma apigwe kwanza eksirei ya macho: kipande cha chuma jichoni na sumaku ya IRM havikai pamoja.

Hatua ya 4: Andika swali, usiandike "anatetemeka" tu. Upande gani, tangu lini, na kazi yake. Kazi ndiyo tunayoisahau, sisi watu wa migodi! Aliyechimba manganizi, kama ya Kisenge, au aliyevuta moshi wa kuchomelea miaka mingi, globasi palidasi zake zote mbili (viini jirani na putameni) huweza kung'aa kwenye picha za T1, aina moja ya picha za IRM. Usichelewe, maana akiiacha kazi mng'ao hufifia baada ya miezi hata kama ugonjwa umebaki. Ini lililoharibika nalo hung'arisha hapo hapo, kwa hiyo lipime.

Hatua ya 5: Familia zenye uwezo huuliza kuhusu DaTSCAN ya nchi za nje, picha inayopigwa baada ya kuchoma dawa yenye mionzi. Husaidia kutenganisha Parkinson na mtetemo wa kurithi, ila haitenganishi Parkinson na magonjwa ndugu zake. Mionzi ya iodini 123 iliyo ndani ya dawa hiyo hupungua nusu kila saa 13, kwa hiyo si kitu cha kuagizwa na kuwekwa kabatini.

Picha ikirudi safi na mzee bado anakokota mguu, anza levodopa, umwone tena baada ya wiki chache.