Kapu la ukindu: kazi yote iko kwenye kuchana

Wanaoanza hukimbilia kusuka. Kusuka ni kwepesi. Watoto wa pwani huku wanasuka huku wanapiga soga. Kapu huharibikia kwenye kuchana.

1. Ukindu. Kata kuti changa la mkindu, lile la katikati ambalo halijafunguka, na usiingize panga hadi kwenye kilele, pale mti unapochipulia. Anika juani mpaka ukijani uishe. Jioni uingize ndani, maana ukindu ulioloa kabla ya kukauka hutoka madoa meusi ambayo hata rangi haiyafichi.

2. Rangi. Chemsha maji, tia rangi ya unga na chumvi, zamisha, geuza, anika kivulini. Sehemu kubwa uiache nyeupe.

3. Kuchana. Nyunyizia maji, funika kwa kitambaa kibichi, toa jani mojamoja. Ondoa kingo ngumu, kisha chana kwa ncha ya sindano upate chane, yaani vipande vyembamba vya upana wa nusu sentimita. Uchane wa kwanza ukikuridhisha, uweke pembeni uwe kipimo cha zote. Mmoja ukizidi upana, ukili, yaani mkanda unaosukwa kwa chane hizo, unapinda upande mmoja, na ukili uliopinda haushoniki ukakaa sawa. Hapo hakuna dawa ila kufumua.

4. Kusuka. Funga vichwa vya chane 9, gawa 5 na 4. Uchane wa nje wa upande wenye 5 upitishe juu, chini, juu, chini, uungane na zile 4. Sasa upande wa pili una 5. Fanya vivyo hivyo. Uchane ukielekea kwisha, laza mpya juu yake, viende pamoja mizunguko michache. Usiunge mbili zilizo jirani kwa wakati mmoja, na ncha zote zitokee mgongoni. Kapu la sokoni hula kama pima 6 za ukili (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Ukichoka, nunua: wapo kina mama wanaosuka ukili tu na kuuza kwa pima, na mkono wao huenda ukakushinda wewe na mimi.

5. Kushona. Tazama ukingo wa ukili: pale chane zinapokunjika pana vitanzi. Laza kingo mbili, vitanzi vya huku viingie kati ya vya kule, kisha pitisha uzi wa ukindu kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Ukishona vizuri, mshono hauonekani. Kunja shibiri moja ya ukili, rudisha ubavuni mwake, zunguka. Kwenye kona ulegeze ukili, kitako kilale. Kitako kikitosha, acha kulegeza na ukaze uzi. Ubavu utainuka wenyewe, huhitaji kalibu.

6. Mikono. Suka ukili mwembamba wa chane 5. Wengi huushona mdomoni tu, na viazi vya kilo chache vinaung'oa. Ushushe ubavuni, upite chini ya kitako, kisha uupandishe ubavu wa pili. Ncha za mgongoni kata kwa mkasi kapu likishakauka.