Lugha ya Kirusi ya chumba cha habari: anza na namba

Ukiwa Bishkek, Kyrgyzstan, au Almaty, Kazakhstan, asubuhi darasa la Kirusi na mchana mafunzo kwa vitendo kwenye chumba cha habari, shika namba kwanza. Namba za kusikia kwa simu, maana za kusoma kila mtu anaziweza.

Dvenadtsat ni 12, devyatnadtsat ni 19. Mkazo wa yote mawili uko kwenye “nad”, na anayezungumza haraka humeza mwanzo wa neno. Niliwahi kuandika majeruhi 12 wa ajali ya barabarani kumbe ni 19; mhariri akapiga simu tena kuhakiki, ndiyo salama yetu. Habari ya watu walioumia haitaki kubahatisha. Tangu siku hiyo namrudishia msemaji tarakimu mojamoja: “odin, devyat?”, yaani “moja, tisa?” Hakuna aliyewahi kuchukia kuulizwa.

Kisha jifunze kumtaja chanzo. Sisi neno hubadilika mwanzoni, kitabu, vitabu. Kirusi hubadilisha zaidi mwishoni. Waziri ni ministr, lakini “kwa mujibu wa waziri” ni po slovam ministra. Akisema mwanamume ni soobshchil, mwanamke ni soobshchila, na wizara yenyewe utaandika soobshchili v ministerstve, yaani “wamesema wizarani”. Yakariri hayo mazimamazima, kama salamu, usisubiri mwalimu afike kwenye sarufi yake.

Mimi kila asubuhi nilinakili kwa mkono habari fupi tatu za jana yake, nikipigia mstari chanzo na namba tu. Dakika 20 zinatosha.