Ukitaka kugeuza amplifaya ya matangazo ya valvu iwe ya gitaa

Ukipata amplifaya kuukuu ya matangazo inayotumia valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), mfano zile Bogen za Marekani zilizofungwa mashuleni na makanisani, usikimbilie kuchomeka gitaa. Chungulia kwanza nyuma, pale spika zinapofungwa. Utakuta 4, 8, 16 (hizi ni ohm, yaani ukinzani wa spika), halafu 70V. Hiyo 70V ni ya kulisha spika nyingi kwa waya mrefu, kila moja na transfoma yake. Kwa amplifaya ya wati 35 inasubiri mzigo wa ohm 140 hivi, kwa hiyo ukiiwekea spika ya ohm 8 sauti itakuwa dhaifu na valvu zitateseka. Spika ya ohm 8 iende kwenye 8. Na usiiwashe kabisa bila spika, transfoma ya kutolea sauti huungua hivyo.

Ndani kuna volti mia kadhaa, na kapasita huzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Zitoe chaji kwa rezista ya 10k (ohm 10,000) ya wati nyingi, kisha pima kwa mita. Mimi hupima mara mbili. Woga hapa si aibu. Kapasita kubwa za kuchuja umeme zilizozeeka badilisha zote, weka plagi ya pini tatu, ethi ikazwe kwenye bodi la chuma, na ile kapasita inayotoka waya wa umeme kwenda bodi ing'oe.

Jeki ya gitaa ni kazi ndogo: rezista ya 1M (ohm milioni moja) kwenda ethi, na ya 68k kuelekea gridi (pini ya kuingizia sauti) ya valvu ya kwanza.